Shangazi Insaf na Ukuta wa Chumba cha Unga

"Shangazi, kwa nini uliwaambia ni wewe?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa mdogo, nimeanza shule juzi tu, siku aliyorudi nyumbani kutoka kituo cha polisi. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti anavua viatu, vumbi limempanda mpaka magotini. Nilijua si yeye. Nilikuwepo, na aliyefanya nilimwona kwa macho yangu. Shangazi Insaf alinitazama, akageuka kuangalia kama Bibi yuko karibu, kisha akasema, "Mdaku wee. Kuku wamepata maji?"

Kuku hawakuwa wamepata maji. Nikaenda.

Naandika habari yake kwa sababu watu wa huku wanaisimulia ovyo. Wapo wanaosema alitaka kuubandua ukuta auze kwa wageni. Wapo wanaosema vitabu vilimpanda kichwani. Hata darasani kwetu, mwalimu wa historia akifika kwenye makaburi ya kale, wenzangu wananigeukia na kucheka chini chini. Basi wacheke wakijua wanachokicheka.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mlimani, katika kijiji cha Nag Sirag, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Luxor. Kila nyumba pale ilikuwa imejiegemeza kwenye kaburi la watu wa kale. Kwetu kaburi lilikuwa ndiyo chumba cha unga. Unapita chumba alicholala Bibi Shafika, unashuka vidato, unaingia ndani ya mwamba ambako kuna ubaridi hata jua la kiangazi likiwa linapasua mawe nje. Humo Bibi aliweka magunia ya ngano, mitungi ya jibini la chumvi, masinia ya mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani kabla ya kuokwa, na mbuzi akiwa karibu kuzaa. Zamani, kabla sijazaliwa, hata tanuri lilikuwa humo humo. Bibi aliokea mle, mama mkwe wake aliokea mle, na mama mkwe wa mama mkwe wake pia, na moshi wao wote ulikuwa bado ukutani: masizi mazito, meusi, yanayong'aa kama tako la sufuria ya maharage.

Tulijua kuna watu chini ya masizi. Karibu na dari, moshi ulipokuwa mwepesi, lilionekana jicho moja. Jicho refu, lenye wanja. Mimi nikitumwa unga nilikuwa naingia kinyumenyume ili lisinione.

Shangazi Insaf ni dada mdogo wa baba yangu, Rifai. Yeye ndiye msichana wa kwanza mlimani kumaliza chuo kikuu, na alisomea mambo ya kale ya hapa hapa kwetu, sanaa yao na makaburi yao. Watu walishangaa. Baba alikuwa akimtania: "Umekwenda mjini miaka yote hiyo kujifunza kilicho nyuma ya kitanda cha mama yako." Alipomaliza hakutosheka, akaingia shahada ya uzamili. Hapo ndipo mambo yalipogoma.

Msimamizi wake aliitwa Dokta Lotfi. Sikumjua, lakini sauti yake niliijua kwa sababu Shangazi alikuwa anamwigiza mezani. Kila mada aliyompelekea, Dokta aliirudisha. "Hilo binti yangu wamelimaliza Wajerumani." Akipeleka nyingine: "Hilo Wafaransa wameliandika, juzuu mbili." Tulicheka sana, mpaka siku aliporudi kutoka mjini hacheki.

"Amesema nimpelekee kitu ambacho hakijachapishwa na mtu," alimwambia Baba. "Kabla muhula haujaisha. Nisipopata, jina langu linafutwa."

"Mlima mzima umejaa makaburi, Insaf. Umekosa hata moja?"

"Yote yana wenyewe, kaka."

"Wenyewe si walikufa!"

"Wenyewe wa kuyaandika. Hao wako hai, na hawaachi kitu."

Alikuwa anataka kuandika juu ya wanawake wanaolia. Katika makaburi ya kale wamechorwa wakifuata jeneza, makundi makundi, mikono kichwani, mikono juu, wanajimwagia vumbi kama wanavyofanya mama zetu mpaka leo. Yeye alitazama mikono tu. Alisema mkono ulioinuliwa hivi si sawa na ulioinuliwa vile, kila mmoja unasema jambo lake. Siku moja alimwomba Bibi asimame uani ainue mikono kama yuko msibani, amchore.

"Mungu apishe mbali!" Bibi alisema. "Nimlie nani? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa Mama, inua tu."

"Ukitaka nikulilie wewe, subiri ufe. Mtoto gani huyu!"

Lakini aliinua, kidogo, haraka, akashusha na kutema mate pembeni.

Ni katika siku hizo Shangazi alipolikumbuka jicho la chumba cha unga. Alipanda juu ya gunia na taa, akalitazama kwa karibu, akashuka uso umembadilika. Chini ya jicho kulikuwa na vistari vyembamba. Machozi. Mle ndani, nyuma ya jibini letu, kulikuwa na wanawake wanaolia, na hakuna Mjerumani wala Mfaransa aliyewahi kuwaona.

Muda nao ulikuwa umebana upande mwingine. Ndio mwaka ambao serikali ilikuwa inatuhamisha. Nyumba za mlimani zilikuwa zinabomolewa moja baada ya nyingine, watu wanapelekwa kwenye nyumba mpya za zege kule tambarare. Mlango wetu ulikuwa umekwisha kupigwa alama nyekundu. Nyumba ikiondoka, kaburi lingewekewa mlango wa chuma, na ukuta ungemsubiri mtu mwenye kibali. Mtu huyo asingekuwa Shangazi. Kwa hiyo ilikuwa ama Dokta auone ukuta sasa na kuikubali tasnifu, ama basi, maisha aliyoyataka yamekwisha.

Ila Dokta asingetoka chuoni kuja kutazama masizi. Ilibidi apate cha kumwonyesha.

Hapa ndipo mkate unapoingia. Shangazi alisoma mahali kwamba mafundi wa zamani walisafisha moshi kwenye picha za ukutani kwa nyama ya mkate uliolala, ile laini ya ndani. Unaufinyanga kama donge, unaugusisha polepole, unakokota masizi bila kuiudhi rangi. Hakuwa na ruhusa ya kugusa ukuta, na alilijua hilo vizuri sana. Alisema atajaribu padogo tu, chini ya jicho.

Nilikaa juu ya gunia kumtazama. Donge la mkate liligeuka jeusi, akachukua jingine, nalo likawa jeusi, halafu, sijui niseme vipi, likatokea shavu. Shavu la mwanamke, rangi ya tende mbichi. Kisha machozi yakashuka mpaka kidevuni. Kisha mkono, vidole vyote, uko juu ya kichwa. Mimi nilipiga ukelele, Bibi akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Hakutazama shavu. Alitazama sakafu.

"Insaf. Mkononi una nini?"

"Mkate, Mama."

"Naona ni mkate, macho ninayo. Unaufanyia nini?"

"Nausafisha ukuta."

"Unasafisha ukuta kwa neema ya Mungu? Kesho utaosha miguu kwa maziwa?"

"Mama, ni makombo tu."

"Makombo! Kuna watu wanalala hawajayaona hayo makombo!"

Huku kwetu mkate ukianguka chini unauokota, unaubusu, unaugusisha kwenye paji la uso, unauweka mahali pa juu pasipopita miguu. Bibi alipiga magoti mle kaburini, mwili wake wote ule, akaanza kuokota vile vidonge vyeusi. Anaokota, anabusu, anagusa paji, anaweka kwenye upindo wa gauni. Alipoinuka midomo yake ilikuwa myeusi, na paji jeusi, na Shangazi alikuwa anajizuia asicheke. Wakasogea mlangoni wakaendelea kusemezana pale. Sikuwasikiliza tena. Nilikuwa namtazama yule mwanamke anayelia.

Shangazi aliazima kamera, akapiga picha, akampelekea Dokta Lotfi. Jibu lilikuja upesi kuliko majibu yake yote: anakuja mwenyewe, Alhamisi, pamoja na mkaguzi wa mambo ya kale. Na asiguse kitu kingine chochote.

Alhamisi asubuhi Shangazi aliondoka mapema kwenda kuwapokea kwenye kivuko. Alivaa kitambaa cha kichwa cha kijani ambacho alikiweka kwa harusi. Bibi alibaki na kazi ya nyumba, maana mgeni anayetoka chuo kikuu si mgeni wa kufagiliwa vumbi mbele yake. Alichinja bata. Alifagia paa. Alinyunyiza uani maji. Jirani yetu, Hagga Nargis, alichungulia juu ya ukuta akaanza uchokozi wake.

"Shafika! Nyumba inabomolewa, unapiga deki ya nini? Unataka tingatinga liteleze?"

"Nyumba ndiyo inabomolewa, Nargis, mimi bado. Wakikuta uchafu watasema ndiyo maana wanatuhamisha."

Hilo lilikuwa linamuuma. Redioni walikuwa wamesema watu wa mlimani wanaharibu makaburi kwa moshi na mifugo, na Bibi aliizima ile redio kwa kofi.

Basi alipomaliza kila kitu akasimama kwenye vidato vya chumba cha unga, mikono kiunoni, akautazama ukuta. Palikuwa na kile kipande kisafi cha ukubwa wa sinia, na masizi yaliyobaki yote.

"Ona jinsi anavyojitesa," aliniambia. "Kwa mwendo huu wa kusugua kwa makombo, wageni watafika ukuta uko hivi hivi. Na dhambi juu yake."

Akachemsha maji. Akaleta beseni, kipande cha sabuni, na dodoki jipya.

Alisugua kama anavyosugua kila kitu, kwa nguvu za bega. Maji yaliteremka meusi. "Masizi ya mama mkwe wangu haya," alisema. "Roho yake ilikuwa na rangi hii hii." Mimi nikacheka. Alisugua huku anaimba wimbo wa harusi. Halafu akamwaga kopo kubwa la maji kutoka juu ili kusuuza, na hapo nikawaona.

Wote. Sijawahi kumweleza mtu akaniamini. Ukuta ulilowa, ukang'aa, na wanawake wakatokea safu nzima, wadogo mbele wakubwa nyuma, magauni meupe, mikono yote juu, na kila jicho lina machozi yake. Walikuwa wazuri kiasi kwamba Bibi aliacha kuimba. Alisema "Bismillahi," akarudi nyuma hatua moja, dodoki mkononi.

Kisha wakaanza kuondoka. Mikono kwanza. Buluu ikateremka juu ya nyekundu, nyekundu juu ya nyeupe, nyuso zikavutika chini kama nta. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa, kwamba uchafu bado unatoka. Bibi naye nadhani alidhani hivyo, kwa sababu aliongeza maji. Mpaka leo sielewi rangi iliyokaa zaidi ya miaka elfu tatu inawezaje kwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini ilikwisha. Tulibaki na ukuta wa rangi ya maji ya nyama.

"Safi," Bibi alisema, ila sauti haikuwa na uhakika. Akaenda kubadilisha gauni.

Shangazi aliingia wa kwanza, anaongea huku anageuka nyuma kuwaongoza wageni: "Angalia kichwa Daktari, mlango ni mfupi, hapa chini kuna vidato." Akageuka mbele. Sikuona uso wake, niliona mgongo. Mgongo ulisimama tu.

Dokta Lotfi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alipita pembeni ya Shangazi, akatazama, akaivua miwani na kuivaa tena. Mkaguzi, Ustadhi Wagdi, kijana wa watu mwenye masharubu membamba, alitazama beseni, akatazama dodoki, akatazama maji yanayotembea kuelekea kwenye magunia ya ngano.

"Nani amefanya hivi?" mkaguzi aliuliza. "Hii ni kesi. Hii ni kufungwa kabisa, mnaelewa?"

Nikamsikia Bibi anakuja na glasi za chai, zinagongana kwenye sinia.

"Mimi," Shangazi alisema.

"Wewe?" Dokta aligeuka. "Wewe uliyeniandikia sura nzima juu ya rangi zao?"

"Ndiyo, Daktari. Nilitaka mkute pamesafishika. Niliharakisha."

Bibi alikuwa amefika kwenye vidato. "Ameharakisha nini? Huyu hajashika hata ufagio leo, mimi ndiye..."

"Mama, weka chai."

"Lakini Insaf, mimi ndiye niliye..."

"Nimesema weka chai! Wageni wamesimama."

Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumpandishia Bibi sauti. Aliweka sinia juu ya gunia, polepole, akabaki ameinama. Mikono ya gauni alilobadilisha ilikuwa mikavu, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi, na Ustadhi Wagdi aliziona. Nilimwona akiziona. Akafungua mkoba wake, akamtazama Shangazi mara nyingine tena, akaandika jina la Shangazi.

Dokta Lotfi alichuchumaa, akachovya kidole kwenye beseni, akakitazama kwa muda kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakifuta kwa leso.

"Hata Wajerumani hawataliandika tena hili," alisema. Hakugusa chai.

Yaliyofuata nayajua kwa kusikia. Shangazi alilala kituoni siku kadhaa, Baba akawa anampelekea chakula, halafu kulikuwa na hakimu, na hakimu akasema kwa vile ni mwanafunzi aliyekosea kazini na si mwizi, atatoka kwa onyo. Chuo kilifuta jina lake. Eneo lolote la makaburi hakuruhusiwa kukanyaga kwa kazi tena. Baada ya muda mfupi tingatinga lilikuja, nyumba ikalala chini kabla ya adhuhuri, na mdomo wa chumba cha unga ukawekewa chuma. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuufungua. Wa kuangalia nini?

Huku tambarare tulipewa nyumba yenye jiko la gesi. Shangazi alipata kazi kwenye karakana ya mawe ya alabasta kando ya barabara, kupaka rangi vibao vya kuuzia watalii. Anachora mabata. Mwenye karakana alimwambia wageni wanapenda mabata, wanawake wanaolia hawanunuliki. Kila nikitoka shule napita pale, namkuta ameinama, bata juu ya bata, na anawachora vizuri kuliko inavyohitajika.

Sisi hatukumwambia Bibi kwamba ni maji yake yaliyoondoa rangi na kumponza Shangazi. Aliambiwa na Hagga Nargis, mbele ya watu, kwenye foleni ya gesi: "Wewe Shafika hukumwoza mwanao, umemfunga kwa dodoki." Siku hiyo Bibi alirudi bila mtungi. Hakulia, hakuuliza. Kilichobadilika ni kwamba kila akioka alianza kukata mkate wake mwenyewe, anatoa ile laini ya ndani, anaianika paani, anaitia kwenye mfuko. Mfuko ukijaa anampelekea Shangazi chumbani kwake.

"Hii nimekuwekea. Ya kazi yako."

"Asante, Mama," Shangazi anasema. Anaupokea. Anauweka chini ya kitanda pamoja na mingine.

Iliendelea hivyo miaka. Hata alipoanza kusahau majina yetu, hilo hakulisahau.

Bibi Shafika alifariki majira ya baridi yaliyopita. Arobaini yake ilipopita, mimi na Shangazi tulipanda paani na ile mifuko, tukawa tunavunjavunja mikate mikavu kuwapa njiwa, maana haitupwi. Nilikuwa sijamuuliza tena lile swali tangu utotoni. Siku zote nilikuwa na jibu langu: kwamba alimpenda mama yake. Nilimwambia hivyo. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Uliamua kumwokoa Bibi."

Shangazi aliendelea kuvunja mkate. Njiwa walikuwa wanamzunguka miguuni.

"Siku ile ya makombo," alisema, "pale mlangoni, Mama aliniuliza. Aliniuliza vizuri tu, hasira zimekwisha. 'Mwanangu, kwa nini mkate? Kwa nini si maji?' Na jibu nilikuwa nalo. Nilimwandikia Dokta kurasa na kurasa: rangi zao zimeshikwa kwa gundi ya mti, gundi ikikutana na maji inaachia. Basi. Mtu anayekanda unga kila siku ya Mungu angeshindwa kuelewa hilo? Nikamwambia, 'Mama, achana nayo, hutaelewa.' Kwa hiyo yule mkaguzi alipouliza ni nani, mdaku wangu, sikumdanganya."